Wateja wawili, fundi mwavuli mmoja

Shikamoo Mama Wakili,

Mimi ni mwanasheria Mtanzania, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa nafanya kazi Cox's Bazar, kusini-mashariki mwa Bangladesh, katika shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi wa Kirohingya na kwa wenyeji wa vijiji vilivyozungukwa na kambi zao. Kabla ya hapo nilikuwa Kigoma, kwa hiyo maisha ya kambi si mageni kwangu, ingawa sikuwahi kuona watu wengi kiasi hiki wakiishi juu ya vilima vidogo kiasi hiki. Zaidi ya watu laki saba walivuka mpaka kutoka jimbo la Rakhine nchini Myanmar kuanzia tarehe 25 Agosti 2017, wakawakuta wenzao waliokimbia miaka ya nyuma, na sasa kambi 33 zimejazana katika maeneo ya Ukhiya na Teknaf wilayani humu, mahali ambapo wakimbizi ni wengi kuliko wenye nchi. Mimi siruhusiwi kusimama mahakamani huku. Kazi yangu ni kuwasimamia mawakili wenyeji wenye leseni, wasaidizi wa kisheria na wakalimani, na mara nyingi ni mimi ninayemsikiliza mteja siku ya kwanza.

Baadhi ya mambo nitakayoeleza nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja Mrohingya mwenye watoto watatu. Mume wake alikuwa fundi miavuli sokoni kambini, akaondoka asubuhi moja zaidi ya mwaka uliopita na hajarudi. Jina la mume ndilo lililoandikwa kuwa mkuu wa kaya, na ndugu zake wanadai sehemu ya chakula na mtungi wa gesi kwa jina la ndugu yao asiyekuwepo. Mama anataka kaya itenganishwe, yeye na wanawe waandikwe peke yao. Nikamwahidi kwamba tutamwandikia mkuu wa kambi barua kueleza kuwa ametelekezwa na kwamba mume hajulikani alipo. Kila anapokuja huniuliza kama kuna habari, kwa sababu hajui kama yeye ni mke au ni mjane, na swali hilo huliuliza kwa sauti ya chini sana, akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Wiki iliyopita akaja mwanamke mwenyeji kutoka kijiji kimoja cha Ukhiya, amembeba mtoto wa miezi minane. Alieleza kwamba aliolewa na mwanaume aliyepita kijijini kutengeneza miavuli, kwamba ndoa ilifungwa na imamu nyumbani bila kuandikishwa kwa kuwa mume ni Mrohingya, na kwamba kwa miezi mitatu sasa mume haleti matunzo ingawa yuko hapo hapo kijijini, amehamia kwa rafiki yake. Anataka matunzo, na anataka mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Alipotaja jina la utani la mume, mkalimani wangu, ambaye ni binti wa Ukhiya, alinyamaza katikati ya sentensi akaitazama kalamu yake. Nilidhani neno limempita, kwa maana Kirohingya na lugha ya wenyeji wa huku, ile ya watu wa Chittagong, vinakaribiana lakini si kitu kimoja. Mteja akarudia jina, kisha akaufungua mwavuli wake ili nione kazi ya mikono ya mumewe: vyuma viwili vilikuwa vimeungwa kwa waya mwekundu wa simu. Yule mama wa kambini alikuwa ameniambia jambo hilo hilo, kwamba mume wake huunga vyuma kwa waya mwekundu, na ukiona mwavuli wa namna hiyo sokoni ujue ni kazi yake.

Sikusema neno. Mkuu wangu wa kazi anasema tuendelee na wote wawili, mafaili yakae makabati tofauti, kwa sababu wafadhili wanataka kuona wenyeji miongoni mwa wateja wetu, na wenyeji wenyewe wameshachoka kuona magari ya mashirika yakiwapita kwenda kambini. Mkalimani anashauri tuwakutanishe wanawake hao mbele ya majhi, yaani kiongozi wa mtaa wa kambini, na mjumbe wa baraza la kijiji, ili yaishe kienyeji. Mimi nimewapenda wote wawili, na usiku silali. Je, naweza kuendelea na mmoja wao? Je, ni haki kumficha mama wa kwanza kwamba mume wake yu hai, mwendo usiofika saa moja kutoka alipo? Na nikimwachia yule mwenyeji aende kwingine, sitakuwa nimethibitisha yale yanayosemwa vijijini, kwamba tunawajali wageni tu? Mwavuli wenyewe aliusahau ofisini kwetu, umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, naye mama wa kambini ana miadi nami Jumanne.

Mwenye mafaili mawili, Cox's Bazar

*

Marahaba mwanangu,

Mafaili yote mawili yaondoke mikononi mwako, na yaondoke wiki hii. Natanguliza jibu kwa sababu nimezisoma barua za mawakili wengi wachanga na ninajua kwamba mtu asiyelala usiku huruka maelezo akitafuta hukumu. Hukukosea kwa kuwasikiliza, maana usingeweza kujua. Utakosea ukiendelea.

Chukua ile barua uliyoahidi kumwandikia mkuu wa kambi, iweke mezani, ujaribu kuiandika. Ukiandika kwamba mume hajulikani alipo, umesema uongo kwa ofisi ya serikali, kwa kuwa wewe unajua alipo. Ukiandika kwamba yuko kijiji fulani, umetoboa siri ya mteja wako wa pili, na si siri ndogo: mwanaume huyo ametoka kambini bila ruhusa katika nchi ambayo haikutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ambayo humhesabu mkimbizi aliye nje ya kambi kwa kipimo cha Sheria ya Wageni ya mwaka 1946, na ndoa yake na mwanamke mwenyeji ni ndoa ambayo wasajili wamekatazwa kuiandikisha tangu mwaka 2014, katazo ambalo Mahakama Kuu ilikataa kulitengua mwaka 2018. Pengine utasema utaandika kwa ujanja, utegemee kukosa matunzo na kukaa kimya kuhusu mahali alipo. Kisheria hiyo ndiyo hoja bora, na hata ile sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu ya mwaka 1939, ambayo Bangladesh iliirithi, inaweka sababu ya mume kutomtunza mke kwa miaka miwili kando na sababu ya mume kutojulikana alipo kwa miaka minne. Lakini hoja hiyo, ukiichagua wewe, utakuwa umeichagua ili kumlinda mwanamke mwingine, na mama huyo wa watu atakuwa amepata wakili anayepima kila neno lake kwa mizani ya mtu asiyemjua. Wakili mwingine asiyejua chochote ataandika yale yale akiwa na moyo mweupe. Kwa hiyo kujitoa kwako hakufanyiki kwa ajili ya adabu ya taaluma peke yake; ndiyo njia pekee ya barua hiyo kuwa ya kweli bila kumsaliti mtu.

Tazama pia jinsi mashauri haya yanavyokulana. Mama wa kambini akifanikiwa kuandikisha kwamba mume ametoroka, wataanza kumtafuta, na akipatikana, yule wa kijijini atapoteza hata hayo matunzo anayoyadai, na ndoa yake itajulikana. Yule wa kijijini akifungua dai katika mahakama ya familia, jina la mume litasomwa hadharani, nalo litafika kambini kabla ya jua kuzama. Kabati mbili haziwezi kutenganisha kitu kilichokutana ndani ya kichwa kimoja. Mkuu wako wa kazi anajua kuhesabu wateja, na sina ugomvi naye, ila waliosema mshika mbili moja humponyoka walikuwa wamemwona mtu kama yeye.

Nilifanya kosa hili mwenyewe, Kasulu, miaka ya mwanzo ya 2000, nilipokuwa na umri kama wako. Mkimbizi wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu alilima shamba la mwanakijiji kwa makubaliano ya kugawana mahindi nusu kwa nusu, na mavuno yalipoiva mwenye shamba akachukua yote. Wote wawili walikuja kwangu, siku tofauti, nami nikajiona mpatanishi. Katika kikao nikiwa na daftari langu wazi nikasoma, bila kufikiri, tarehe ambazo yule mkimbizi alikuwa shambani. Mwenye shamba hakubishana tena juu ya mahindi. Alitoka nje, na siku ya pili yake mkimbizi akakamatwa kwa kuwa nje ya kambi bila kibali, na tarehe zilizotumika dhidi yake zilikuwa zile nilizozisoma mimi. Mahindi hayakugawanywa kamwe. Ninakueleza haya ili uone kwa nini sipendi ushauri wa kuwakutanisha hao wanawake mbele ya majhi na mjumbe wa baraza la kijiji. Usuluhishi ni kitu kizuri, nimeuishi miaka thelathini, lakini huwezi kuwasuluhisha watu ambao mmoja wao hajui kwamba mwenzake yupo, na kikao cha kwanza ndicho kitakachokuwa tangazo. Zaidi ya hayo, wapo wanaume watakaokuwa na lao la kusema kuhusu heshima ya ukoo, na wewe huwezi kumfuata mwanamke nyumbani usiku kuona wamemfanya nini.

Sasa nani abaki na ofisi yenu na nani aende kwingine? Abaki yule wa kambini. Alitangulia kuja, lakini sababu yenye uzito ni kwamba hana mlango mwingine. Hawezi kutoka kambini apendavyo, na maisha yake yote ya ndoa yamepita chini ya vibali vya watu wengine: kaskazini mwa Rakhine Warohingya walitakiwa kupata ruhusa ya wenye mamlaka ili waoe na waliwekewa ukomo wa watoto wawili, na sheria ya uraia ya Myanmar ya mwaka 1982 ilikuwa imeshawatoa katika hesabu ya wananchi. Ukimwona anaiogopa karatasi, usimshangae. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba taarifa za wakimbizi zilizokusanywa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilipelekwa na serikali ya Bangladesh kwa Myanmar bila ridhaa iliyo kamili, na ingawa UNHCR ilijitetea, habari ya namna hiyo haisahauliki kambini. Kwa hiyo wakili mpya atakayemchukua ndani ya ofisi yenu asilione faili la pili, asiambiwe limehusu nini, na hata kwenye orodha ya jumla libaki namba tu lisilo na jina. Ikiwa ofisi ni ndogo kiasi kwamba hakuna mtu ambaye hajasikia, basi naye apelekwe shirika lingine.

Yule mwenyeji ana mlango ambao mwenzake hana. Bangladesh ina sheria ya huduma za msaada wa kisheria ya mwaka 2000, na kila wilaya ina ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria kwa watu wasio na uwezo. Ya kwao iko mjini Cox's Bazar. Lakini usimpe kikaratasi chenye anwani ukadhani umemaliza. Mwanamke mwenye mtoto wa miezi minane, asiye na nauli, atakikunja kikaratasi hicho akifunge kwenye pindo la sari na hatakitazama tena, na hapo ndipo maneno ya vijijini yatakapokuwa ya kweli. Mpe nauli, mpe mtu wa kumsindikiza ambaye si yule mkalimani, na hakikisha ameketi mbele ya wakili anayelijua shauri la aina yake kabla hajaandika chochote. Hilo la mwisho nalisisitiza. Dai la matunzo huenda mahakama ya familia, ambayo sasa inaongozwa na sheria ya mwaka 2023, lakini kwa mwanamke huyu kufungua dai ni kujitangaza, na wakili wake mpya ndiye atakayepima naye kama faida inazidi hatari. Suala la mtoto lina msingi imara zaidi. Tangu sheria ya uraia ya Bangladesh irekebishwe mwaka 2009, mama wa Bangladesh humrithisha mtoto wake uraia sawa na baba, kwa hiyo mtoto huyo si mkimbizi, hata kama makarani wa uandikishaji wilayani humo wana tabia ya kudai karatasi za baba kwa hofu ya kumwandikisha Mrohingya kwa makosa. Ningekuwa wakili wake ningeanza na mtoto.

Niliona jambo moja dogo lililonichekesha kidogo nilipokuwa nasoma kuhusu ndoa za huko: msajili wa ndoa wa Kiislamu wao humwita kazi, ndiye kadhi wetu huyo huyo. Basi ukisikia mteja akisema hawakwenda kwa kazi, usidhani anazungumzia ajira.

Umeniuliza kuhusu kuficha, na najua ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, usimwambie. Habari uliyo nayo si yako. Uliazimwa na mwanamke mwingine kwa sharti la kuitumia kwa faida yake tu. Ningekuruhusu kuvunja sharti hilo kama ungekuwa umesikia kwamba mtu anapangwa kuuawa au kuumizwa, na hapa hujasikia hivyo. Wala usimwulize yule wa kijijini kama anajua habari za mke wa kambini, kwa sababu swali lenyewe lingekuwa limeshatoa jibu. Liache kwa wakili wake mpya. Wakili yeyote wa mashauri ya familia, siku ya kwanza, humwuliza mteja kama mume ana mke mwingine, na huuliza hivyo kwa kila mtu. Akijibu mwenyewe kwamba anasikia yuko mke kambini, hapo wakili wake anaweza kumwuliza kama angeridhia habari ifike kwa mwenzake kwamba mume yu hai, na kwa njia gani. Wanawake walioachwa na mwanaume mmoja si lazima wawe maadui. Huenda mama wa watoto watatu akapata jibu lake kwa mlango huo, huenda asipate. Halitakuwa limetoka kwako.

Siku ya kuachana nao, onana na kila mmoja peke yake, na siku mbalimbali, wasije wakaketi benchi moja. Mwambie maneno machache: kuna sababu inayonizuia kukutumikia kwa uaminifu unaostahili, sababu hiyo siruhusiwi kuitaja, haikutokana na kosa lako, na mtu huyu hapa ndiye atakayeendelea nawe. Atauliza sababu. Rudia maneno hayo hayo, usiongeze. Mawakili hatujazoea kunyamaza, na mara nyingi sentensi ya pili, ile ya kumfariji mteja, ndiyo inayotoboa.

Mkalimani wako naye anatoka katika mashauri yote mawili. Ulimwona aliponyamaza, alijua kabla yako, na anakaa vijiji vya huko, anakutana na watu kisimani na harusini. Zungumza naye kwa upole, si kwa vitisho, umkumbushe kiapo chake cha usiri na umsainishe upya, lakini pia umwulize kama yeye mwenyewe yuko salama, kwa maana anaweza kuwa jamaa wa mmoja wao na hajathubutu kusema. Kwa mkuu wako andika barua fupi isiyo na majina: kwamba umegundua mgongano wa maslahi, kwamba umejitoa, kwamba mteja mmoja amepelekwa huduma ya serikali kwa kusindikizwa. Akitaka hesabu ya wafadhili, mteja aliyesindikizwa hadi kwa wakili mwingine ni mteja aliyehudumiwa. Na mwombe akuruhusu kuanzisha daftari la kukagua majina, la wake, la waume na la utani, kabla ya mtu yeyote kufunguliwa faili. Mlipaswa kuwa nalo tangu siku mlipoamua kuhudumia kambi na kijiji kwa mlango mmoja, maana watu hao wanauziana samaki, wanaajiriana, wanaoana, na watagombana pia.

Ule mwavuli utoe kwenye msumari leo, kabla hujajibu barua hii. Uufunge ndani ya gazeti waya mwekundu usionekane, umrudishie mwenyewe nyumbani kwake kwa mkono wa yule atakayemsindikiza mjini. Jumanne ni karibu, na mama wa kambini, kwa jinsi ulivyonieleza, hutazama chini anapoketi, lakini anapoingia mlangoni lazima atatazama mbele.

Mama Wakili